Singeli: Spidi Si Kasoro

Huku Timau, kando ya Mlima Kenya, mtu akisikia singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, mara ya kwanza husema flashi imeharibika. Haijaharibika. Spidi hiyo imepangwa, na ndiyo inayobeba Poaa, albamu ya kwanza ya Bamba Pana wa Dar es Salaam, iliyotolewa 2018 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka uliotangulia, lebo hiyo ilikuwa imetoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Wapenzi wa densi wa Ulaya wakakutana na mapigo 200 hadi 300 kwa dakika.

Spidi hiyo hupatikana hivi: chukua kipande cha taarab cha sekunde 4, ukicheze kwa spidi maradufu. Kitakwisha kwa sekunde 2, na kwa kuwa mitetemo imebanwa pamoja, noti iliyotetema mara 220 kwa sekunde sasa inatetema mara 440. Ni noti ile ile, oktavu moja juu. Ndiyo maana kinanda hulia kwa sauti kali na mtu mzima akasikika kama mtoto. Wenye gramafoni wanaijua hila hii: santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ikizungushwa kwa 45 hukimbia zaidi kwa asilimia 35. Siku hizi programu zinaweza kuongeza spidi bila kupandisha sauti, lakini mafundi wa singeli mara nyingi huiacha ipande, kisha wanakirudia kipande hicho mpaka kigeuke ngoma.

Uingereza nako kulikuwa hivyo. Katika Out of Space, iliyo kwenye Experience ya 1992, albamu ya kwanza ya The Prodigy, Liam Howlett alikata rege ya Max Romeo na rapu ya Ultramagnetic MCs, na rapu hiyo akaikimbiza hadi sauti ikawa nyembamba. Leo albamu hiyo inaheshimiwa.

Kinachoniudhi ni uzembe wetu. Huwezi kukimbiza kipande ambacho hakuna aliyekihifadhi. Santuri za Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu, zilichezwa sana huku mlimani, kisha nyingi zikaozea stoo. Baada ya yeye kufariki 2018, mjukuu wake KMRU, naye mwanamuziki wa elektroniki, ndiye anayezitoa upya mtandaoni. Kumbukumbu ya watu wengi hivyo imeachiwa familia moja! Na mugithi wa baa zetu, gitaa moja na ngoma za mashine, nani anaurekodi?

Na singeli yenyewe ina matumizi gani? Vigodoro (sherehe za mtaani za usiku kucha), harusi, mazoezi, matangazo, na kumzuia dereva wa lori asisinzie barabara ya Meru.