Pikipiki ya zamani ikigoma kuwaka: pima moto kabla ya kununua CDI

Pikipiki iliyobeba magunia na abiria kwa miaka sita au saba huanza kuwa na tabia zake. Asubuhi inawaka kwa kiki ya kwanza, saa nne imezima katikati ya safari, na ikipumzika chini ya mti kwa nusu saa inawaka tena kana kwamba haikuwa na shida yoyote. Kwa dereva wa mkataba, anayetakiwa kupeleka hesabu kwa mwenye chombo, siku moja ya kulala ni deni. Deni hilo hukua zaidi pale fundi anapobadilisha vifaa kwa kubahatisha: leo plagi, kesho koili, keshokutwa CDI, na mwisho anasema injini ifunguliwe. Maduka mengi ya spea hayapokei tena kifaa cha umeme kikishauzwa. Fundi anapobahatisha, anayelipa ni wewe.

Maelezo haya yanahusu pikipiki za kabureta zenye injini ya CC 125 hadi 150, hasa zile za mtindo wa Honda CG125. Modeli hiyo ilitoka mwaka 1976, na injini za kuigiza muundo wake ndizo ziko kwenye pikipiki nyingi za Kichina na kwenye zile za magurudumu matatu za kubebea mizigo. Ni injini nyepesi kueleweka. Ili iwake inahitaji mafuta yaliyochanganyika na hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na moto wa plagi unaokuja kwa wakati wake. Kimojawapo kikikosekana, haiwaki. Kazi yako ni kujua ni kipi.

Kabla hujashika spana, tazama vitu vya aibu kwanza: swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani, koki ya mafuta, na mafuta yenyewe ndani ya tangi. Mafundi wazoefu hucheka wakisimulia, lakini pikipiki nyingi hufikishwa gereji zikiwa zimesukumwa kilomita kadhaa kwa sababu mtoto alichezea swichi.

Plagi inasema mengi

Fungua plagi na uitazame uso wake. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayaungui, kwa hiyo shaka yako iende kwenye moto. Ikiwa kavu kabisa baada ya kupiga kiki mara nyingi, mafuta hayafiki: tazama koki, mpira wa mafuta na kabureta. Masizi meusi makavu yana maana kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa, na mara nyingi chanzo ni chujio la hewa lililoziba au choki iliyokwama. Weusi wenye oili unaonyesha kwamba oili ya injini inapanda kwenye chumba cha kuunguzia. Uso mweupe kama chokaa una maana ya joto kali na mafuta machache. Rangi ya kahawia ndiyo nzuri.

Sasa pima moto. Usalama kwanza: mvuke wa petroli ukitoka kwenye tundu la silinda ukakutana na cheche, unaweza kuunguza uso wako na chombo chako. Njia iliyo salama ni kurudisha plagi ya zamani kwenye tundu lake, kisha uvike plagi nyingine kwenye kofia na kuigusisha kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono mtupu. Umeme wake ni wa maelfu ya volti. Fungua swichi, piga kiki ukiwa kivulini. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ya njano au nyekundu iliyo nyembamba ni dhaifu. Na usipige kiki huku kofia ya plagi inaning'inia bila kugusa kitu, kwani umeme uliokosa njia unaweza kuua koili au CDI iliyokuwa nzima.

Hakuna cheche? Anza na vya bei nafuu. Jaribu plagi iliyotoka kwenye pikipiki inayotembea. Injini nyingi za aina hii hutumia plagi ya D8EA, yenye nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7, lakini hakikisha kwa kusoma iliyokuwemo au kitabu cha chombo chako. Kisha zungusha kofia ya plagi hadi itoke kwenye waya, kata ncha ya waya kiasi cha nusu sentimita upate shaba safi, irudishe. Pale ndipo maji hukaa baada ya kuosha pikipiki mtoni, na kutu ikala polepole.

Inayofuata ni saketi ya kuzimia. Hapa ujue kwanza pikipiki yako ni ya kundi gani. Zipo ambazo CDI yake hupata umeme moja kwa moja kutoka koili ya stata, nyuma ya sumaku. Hizo hutoa cheche hata betri ikiwa imetolewa. Nyingine hutegemea betri, na betri ikifa, cheche nayo hupotea. Kwa hizo anza na fyuzi na kupima betri, ambayo ikiwa imejaa na imepumzika husoma volti 12.6 au karibu na hapo.

Kwa zile za kundi la kwanza, waya mweusi wenye mstari mweupe unaoingia kwenye CDI ndio wa kuzimia katika mpangilio wa Honda. Uchomoe kwenye soketi, piga kiki. Cheche ikirudi, CDI ni nzima, koili ni nzima, stata ni nzima. Kasoro iko kwenye swichi ya funguo, swichi ya usukani, au waya uliochubuka ukagusa bodi pale unapopita shingoni mwa usukani. Umetatua kwa kipande cha utepe kile ambacho kingekula hesabu ya siku kadhaa. Kumbuka tu kwamba waya huo ukiwa nje, funguo haizimi injini. Utaizima kwa kufunga koki na kusubiri, au kwa kuingiza gia ukiwa umekanyaga breki kisha uachie klachi. Usiitembeze barabarani hivyo.

Kabla ya kuchomoa waya wowote, piga picha kwa simu. Viwanda vingine vina rangi zao.

Kama bado hakuna cheche, hapo inahitajika mita ya umeme. Pulsa, ile koili ndogo inayopitiwa na sumaku, mara nyingi husoma kati ya ohm 100 na 300. Koili ya stata inayolisha CDI husoma mamia kadhaa. Mita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika. CDI yenyewe haipimiki vizuri kwa mita ya kawaida, na ndiyo maana hulaumiwa ovyo. Kipimo chake cha kweli ni kuazima ya mwenzako mwenye pikipiki ya aina ileile, kuifunga kwa dakika tano, na kuona. Kijiwe kizima cha boda kinaweza kununua CDI moja na koili moja za kupimia tu. Nadhani hiyo ni akiba bora kuliko kila mmoja kununua yake kwa wasiwasi.

Ikizima ikipata moto

Turudi kwenye ule ugonjwa wa saa nne, maana ndio unaopoteza fedha nyingi. Pikipiki inayozima ikishapata joto na kuwaka ikipoa ina angalau vyanzo vitatu tofauti, na vyote vinafanana ukiwa juu ya kiti. Ukiipeleka gereji, hadi fundi aje imeshapoa, inawaka, na hakuna anachoona. Kwa hiyo kipimo kifanyike palepale ilipozimia, ndani ya dakika mbili.

Kwanza fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka mara moja, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba kwa vumbi au tope. Tangi lisipopumua, mafuta hayashuki. Sindano na maji ya sabuni vinatosha.

Kama haikuwaka, pima cheche papo hapo, injini ikiwa bado na joto. Isipokuwepo au ikiwa dhaifu, na ikarudi baada ya kupoa, basi koili, pulsa au stata ina waya unaoachana kwa joto. Mita ikisoma vizuri asubuhi haithibitishi kitu. Irudie kifaa kikiwa na joto.

Kama cheche ni nzuri, sikiliza mguu wako. Kiki ikiwa laini kuliko kawaida, bila ule ukinzani, mgandamizo umepotea. Sababu ya kawaida ni tapeti zilizobana. Valvu hurefuka kwa joto. Kama hakuna nafasi iliyobaki, haifungi vizuri, na mgandamizo unavuja. Zikipoa, nafasi inarudi na injini inawaka. Nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10 kutegemea injini. CG125 hutumia 0.08. Hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kabisa kwenye kipigo cha mgandamizo, alama ya T ya sumaku ikiwa imelingana na alama ya kwenye kava. Ni kazi ya nusu saa. Injini ngapi zimefunguliwa na kuwekewa ringi mpya kwa sababu ya tapeti tu!

Ringi kweli zikiwa zimekwisha, kuna njia ya kujua bila kufungua. Zima swichi, toa plagi na uiegemeze kwenye chuma cha injini ikiwa na kofia yake, ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Kidole kinatakiwa kisukumwe kwa nguvu. Kisiposukumwa, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu, piga kiki mara chache, urudie. Nguvu ikiongezeka, ringi au silinda imelika. Isipobadilika, tazama valvu na gasketi ya kichwa cha silinda. Moshi wa buluu usiokoma unaunga mkono habari ya ringi. Wanaotoa chujio la hewa ili pikipiki "ivute" wanaingiza vumbi la barabara ya changarawe moja kwa moja kwenye silinda, na vumbi hilo hula chuma kama msasa.

Ipo hali moja zaidi ya kutambua: cheche nzuri, mafuta yapo, lakini injini inapiga mlipuko kwenye bomba la moshi au kiki inarudisha mguu kwa nguvu. Hapo mara nyingi kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia sumaku kwenye ekseli ya injini kimekatika, sumaku imehama, na moto unakuja wakati usio wake. Usiendelee kupiga kiki, utaumia kifundo cha mguu.

Na mafuta ya chupa? EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta nchini Tanzania mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, lakini petroli inayouzwa kijijini imepita mikono mingi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kivulini. Petroli safi hukauka bila kuacha doa. Likibaki doa la mafuta, kuna taa au dizeli ndani yake. Mwaga yaliyomo kwenye kikombe cha kabureta, badilisha mafuta ya tangi, safisha plagi, ndipo upime tena.