Hesabu kwa Kompyuta Nyumbani: Daftari Lisiwekwe Kando

Shule za Uganda zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, wanafunzi wapatao milioni 15 walibaki majumbani. Baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi, lakini milango haikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Katika muda huo sebule, na hata vyumba vya kota za askari, viligeuka madarasa, na wazazi waliokuwa na kompyuta waliitumainia iwe mwalimu wa hesabu. Desturi hiyo haikutoweka shule zilipofunguliwa. Familia inayohamishwa kikazi katikati ya muhula bado huona nafuu kuwa na masomo yanayosafiri nayo.

Kompyuta ina sifa zisizofaa kudharauliwa. Haichoki kurudia, haikaripii, na humwonyesha mtoto kosa lake papo hapo. Ushahidi upo hapa hapa Afrika Mashariki. Katika mkoa wa Tanga, Tanzania, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170, wengi wao wakiwa hawajapata kwenda shule, walipewa kompyuta kibao zenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa majaribio ya mashindano ya kimataifa yaliyokamilika mwaka 2019, na baada ya miezi 15 watoto hao walionekana kupiga hatua.

Hata hivyo, chombo hicho chaweza kumpoteza mtoto ambaye mawazo yake huvutwa upesi. Akisikia tarumbeta ya kambini, au ndugu yake akicheka uani, swali limekwisha kumtoka. Kiooni nako kuna nyota, muziki na picha zinazocheza. Mshika mbili moja humponyoka. Baada ya siku chache hugundua njia ya mkato, nayo ni kubonyeza tu. Swali likiwa na majibu manne ya kuchagua, anayebahatisha hupata, kwa wastani, maswali 5 katika kila 20 bila kufikiri hata kidogo. Programu ikimruhusu kujaribu tena, bahati hiyo huongezeka. Jioni mama hukuta nyota nyingi akafurahi, kumbe somo halikuingia.

Hapo ndipo daftari linapohitajika. Tuchukue mfano wa mtoto aliyeulizwa 402 kutoa 178, akajibu 376. Kompyuta itatangaza kuwa amekosea, kwani jibu ni 224. Mzazi asiyeona kazi yenyewe atadhani mawazo ya mtoto yalikuwa mbali. Lakini daftari husema vingine. Katika mamoja mtoto aliona 2 haitoshi kutolewa 8, akageuza, akatoa 2 katika 8, akapata 6. Katika makumi akatoa 0 katika 7, akapata 7. Katika mamia akatoa 1 katika 4, akapata 3. Huyu hakuzembea. Alifuata kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho, ila hajui kukopa, hasa penye sifuri. Akikosea hivyo mara kumi huchoka, akaanza kutazama dirishani, akaitwa mtundu, pengine akachapwa. Dawa yake si fimbo. Ni kufundishwa upya kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue fungu moja kwa mikono yake aone mamoja yanakotoka.

Utaratibu wa nyumbani hauhitaji fedha nyingi. Meza ielekezwe ukutani, si mlangoni. Masomo yaliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya kompyuta yasomwe intaneti ikiwa imezimwa. Kipindi kiwe cha dakika 15, kisha mtoto anyanyuke, achote maji au akimbie uani, ndipo arudi. Kila swali liandikwe na kufanywa daftarini kabla kidole hakijagusa jibu. Siku ya pili achaguliwe maswali matatu ya jana, ayafanye bila kompyuta.

Juu ya hayo yote, aulizwe, “Umepataje?” Swali hilo halimtaki mzazi awe hodari wa hesabu. Mama aliyeishia darasa la nne aweza kuliuliza, na mtoto akilazimika kueleza, kosa lake hujitokeza. Baba aliye kazini mbali aweza kuliuliza kwa simu jioni, na kwa dakika tano akawa amehudhuria darasa la mwanawe.

Wapo pia watoto ambao kutotulia kwao huonekana nyumbani, shuleni na hata michezoni, kwa miezi sita au zaidi, mpaka kukawazuia kujifunza. Yaweza kuwa hali inayotambuliwa na madaktari, wala si ukaidi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya akachunguzwe, na macho na masikio yake yapimwe pia, kwani asiyeona au asiyesikia vyema huonekana kama asiyejali.

Kompyuta na isahihishe majibu. Njia ya kuyafikia ni kazi ya mtoto, na kuikagua njia hiyo ni wajibu wa mzazi.