Je, Wajua? Olunga Alipitia Thika

Je, wajua kwamba mchezaji bora wa Ligi Kuu ya Japani mwaka 2020 aliwahi kuvaa jezi ya Thika United? Ni Michael Olunga! Mwaka 2014 klabu ya Tusker ilimpeleka Thika kwa mkopo, kijana wa miaka 20.

Na mji wa Ruiru je, unaingiaje hapa? Mdhamini wa Thika United alikuwa Brookside, kampuni ya maziwa yenye kiwanda Ruiru, ndiyo maana timu ikabandikwa jina la wauza maziwa. Wewe wa matatu za 237 za Thika, umepita hapo mara ngapi?

Mwaka 2015 Olunga akatua Gor Mahia, yaani K'Ogalo. Wajua K'Ogalo walipoteza mechi ngapi za ligi msimu huo? Sufuri! Yeye peke yake alifunga mabao 19.

Sasa hesabu nami kwa vidole: Kenya, Uswidi, China, Uhispania, Japani, Katari. Nchi 6, mabara 3! Djurgården ya Uswidi aliifungia mabao 12 ya ligi mwaka 2016, mwaka uliofuata akawa Guizhou kule China, na kabla mwaka huo haujaisha tayari yuko Girona, Uhispania. Huyo mtu alifungua begi saa ngapi?

Januari 13, 2018, Girona wanacheza na Las Palmas. Olunga anatoka benchi kipindi cha pili, anapiga mabao 3, mechi inaisha 6-0. Hakuna Mkenya aliyewahi kufunga matatu katika mechi moja ya La Liga kabla yake, na hata Girona wenyewe hawakuwa na mchezaji aliyefanya hivyo kwenye ligi hiyo!

Usiinuke bado. Novemba 24, 2019, siku ya mwisho ya daraja la pili Japani, Kashiwa Reysol, timu ya Olunga wakati huo, iliichapa Kyoto Sanga 13-1. Kati ya hayo 13, Olunga alifunga 8. Ndiyo, manane, mechi moja! Gawanya dakika 90 uone: bao moja kila dakika 11 hivi. Asubuhi ile aliamka na mabao 19 ya msimu, akalala na 27. Na hapa ndipo mimi huishiwa pumzi: tuzo ya mfungaji bora bado ilimponyoka, kwa sababu Leonardo wa Albirex Niigata alikuwa na 28. Bao moja tu!

Basi mwaka uliofuata akapanda na Kashiwa hadi ligi kuu, akafunga 28 katika mechi 32. Aliyemfuata alikuwa na 18. Mwafrika wa kwanza kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo ni yeye, mwana wa Nairobi.

Katari nako? Akiwa Al-Duhail alimaliza mfungaji bora wa ligi msimu wa 2021/22 kwa mabao 24, na msimu uliofuata akarudia.

Wajua kwa nini mashabiki humwita Injinia? Alisomea uhandisi kweli, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, huku akicheza mpira.

Msomaji wa Dar, wewe nawe unamkumbuka: Juni 27, 2019, Cairo, Kombe la Mataifa ya Afrika. Kenya 3, Tanzania 2, na mawili yalikuwa ya Olunga. Kwenye kikosi hicho hicho cha Harambee Stars alikuwemo Francis Kahata, aliyewahi kuichezea KF Tirana ya Albania na aliyejiunga na Simba mwaka huo huo. Naye alipitia wapi? Thika United!