Nyika ya Tsavo yasimulia mengi kwa abiria wa treni

KWA miaka mingi, msafiri wa gari la moshi kati ya Nairobi na Mombasa aliipita sehemu kubwa ya nchi yake akiwa usingizini. Treni ya abiria iliondoka jioni, na nyika aliiona kulipopambazuka, hasa treni ilipochelewa njiani. Reli ya kisasa ya SGR ilipoanza kubeba abiria mnamo Juni 2017, safari hiyo ya takriban kilomita 470 ilihamia mchana. Anayeabiri treni ya asubuhi sasa ana saa kadhaa za kutazama nje, ijapokuwa wengi, kwa bahati mbaya, huzitumia kutazama simu.

Jambo la kwanza ni kiti. Anayeelekea Mombasa na angependa kuona Mlima Kilimanjaro, sharti aketi upande wa kulia. Karibu na Emali, mlima huo wenye urefu wa mita 5,895 huwa umbali wa kilomita 100 hivi, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Umbali huo ndio unaoufanya uonekane kana kwamba unasafiri sambamba na treni. Nguzo iliyo kando ya reli hupita mara moja kwa kuwa pembe ya jicho kuelekea nguzo hiyo hubadilika ghafla. Pembe ya kuelekea mlima ulio mbali hubadilika polepole mno, hata dakika nyingi zikapita ukiwa bado umesimama pale pale kwenye kioo.

Hata hivyo, wengi hutazama wasiuone. Jua linapopanda, miteremko ya mlima hupata joto. Hewa yenye unyevu kutoka msituni hupaa, ikapoa huko juu na kugeuka mawingu. Aghalabu treni ya asubuhi ifikapo Emali, pazia hilo huwa limekwisha kushuka. Na hicho kilele cheupe chenyewe kinatoweka. Tangu mwaka wa 1912, Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, hali ambayo wataalamu wanaihusisha na ongezeko la joto duniani pamoja na kukauka kwa hewa. Mnamo 2022, shirika la UNESCO lilitabiri kwamba barafu hiyo itakuwa imekwisha kufikia mwaka wa 2050. Mtoto aliyeketi dirishani leo huenda akawa miongoni mwa watu wa mwisho kuiona.

Baada ya Makindu, upande huo huo wa kulia, hutokea Milima ya Chyulu, ambayo huweza kuukinga Kilimanjaro kabisa. Abiria huidharau kwa sababu ni ya kijani na haina theluji. Lakini hii ni milima ya volkano, michanga mno kwa hesabu ya wanajiolojia, na mawe yake yana matundu tele. Mvua ikinyesha juu yake haifanyi mito. Hudidimia ardhini, ikachujwa na kuibukia kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Tangu miaka ya 1950, bomba limekuwa likipeleka maji ya Mzima hadi Mombasa. Kwa hivyo, msitu wa Chyulu unapoteketezwa kwa moto au kukatwa kwa ajili ya makaa, anayepaswa kuingiwa na wasiwasi ni pamoja na mkazi wa Pwani ambaye hajawahi kukanyaga huko.

Upande wa kushoto, kuanzia karibu na Kibwezi, kuna mstari mrefu ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Huo ni uwanda wa juu wa Yatta, wenye urefu wa takriban kilomita 300. Mamilioni ya miaka iliyopita, lava ilitiririka kwenye bonde la mto wa kale, ikaganda. Ardhi laini iliyokuwa kandokando ikamomonyolewa na mvua na upepo, na lava hiyo ngumu ikabaki. Lililokuwa bonde ndilo leo limeinuka.

Kati ya Mtito Andei na Voi, udongo huwa mwekundu kwa wingi wa chuma, na ndovu wanaojirushia vumbi lake huwa wekundu vilevile. Reli imeinuliwa juu ya tuta na kuachiwa vivuko chini yake ili wanyama wapite. Baadhi ya ndovu waliovishwa vifaa vya kufuatilia nyendo zao mnamo 2016 walivitumia. Lakini kivuko si maji wala malisho. Ukame wa 2022 uliua ndovu 205 nchini. Anayeona nyika imejaa miti mikavu na hakuna mnyama, asidhani ameketi upande mbaya.

Kupita Voi, kilima cha Sagalla kikishaachwa nyuma, vichaka vya Taru huendelea hadi macho yachoke. Kisha minazi hujitokeza karibu na Mazeras, na muda si muda treni huwa imewasili Miritini.

Kwa anayerejea Nairobi, Kilimanjaro huwa upande wa kushoto, na jioni mawingu huweza kufunguka tena.