Miwani ya Mkaguzi na Dhamiri ya Mjenzi

Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, na roho nyingi zikapotea. Nasi tunaojenga makanisa, shule na zahanati tunapaswa kujiuliza: ni nani atakayetuonya mapema?

Katika nchi kadhaa wakaguzi wa majengo wameanza kutumia miwani ya uhalisia mseto, kama vile HoloLens ya kampuni ya Microsoft iliyotoka mwaka 2016. Aivaaye huliona jengo halisi, na juu yake mchoro wa mhandisi: nguzo, mabomba na nyaya, kila kimoja mahali pake. Kamera na vihisi hupima umbali, hata mchoro usihame mkaguzi atembeapo. Nguzo iliyojengwa kando ya mahali pake hutambulika mara moja. Tena, kwa njia ya intaneti, mhandisi aliye Dodoma angeweza kuona akionacho mwenzake aliye Manyoni na kumshauri.

Hata hivyo, miwani hiyo haioni ndani ya zege. Huonyesha tu kile ambacho mchoro unasema kimo. Nondo zikipunguzwa, au saruji ikiibwa, mkaguzi ataonyeshwa nguzo imara isiyokuwapo.

Bwana wetu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk 13:4), alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kuliko wengine. Basi tusiwalaumu marehemu, wala tusimsingizie Mungu uzembe wetu. Torati ilimwagiza mwenye nyumba azungushie dari yake ukingo, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka (Kumb 22:8).

Hapa Singida, Bonde la Ufa lapita katika mkoa wetu, na makanisa ya vigango hujengwa kwa michango, pengine kwa miaka mingi, fundi mmoja akimrithi mwingine. Kwa hiyo tunazisihi kamati za ujenzi: zimtumie mhandisi aliyesajiliwa, zitunze michoro parokiani, na zimwite akague nondo na kuzipiga picha kabla zege halijamwagwa. Hayo yanawezekana leo, hata pasipo miwani.