Mwali wa Buluu Si Kipimo cha Lutuku

Shaba ya Kinsevere, kaskazini mwa Lubumbashi, hupimwa kwenye maabara kabla ya kuuzwa. Lutuku haina bahati hiyo.

Pombe hii kali ya Katanga huanza kama uji wa mahindi na muhogo uliochachushwa. Huchemshwa kwenye pipa, mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, na matone hukingwa chini. Wapo wanaoimwaga kidogo na kuiwasha kiberiti. Ikitoa mwali wa buluu, wanasema ni safi.

Si hivyo. Methanoli nayo huwaka buluu, na kwa pua si rahisi kuitofautisha na ethanoli, kilevi chenyewe. Ila ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo huua neva ya jicho.

Kinachozitenganisha ni kromatografia ya gesi, mbinu iliyotangazwa na A. T. James na A. J. P. Martin huko Uingereza mwaka 1952. Mikrolita 1 tu ya pombe huingizwa kwa sindano na kugeuzwa mvuke. Heliamu huusukuma mvuke huo katika mrija mwembamba, mara nyingi wa mita 30, uliozungushwa ndani ya oveni kama kamba kwenye ndoo. Kila kemikali hung'ang'ania ukuta wa mrija kwa kiasi chake, hivyo kila moja hutoka kwa zamu: kwa kawaida asetaldehidi hutangulia, methanoli na ethanoli hufuata, propanoli huja nyuma. Kompyuta huchora kilele kwa kila moja. Ukubwa wa kilele huonyesha kiasi cha kemikali hiyo.

Tuwatendee haki wapishi wa lutuku. Methanoli ya asili hutokana na pektini, ambayo ni nyingi katika matunda kuliko katika mahindi. Ndiyo maana Ulaya huruhusu hadi gramu 1,000 kwa kila lita 100 za kilevi halisi katika pombe kali nyingi za matunda, lakini gramu 30 tu katika kilevi safi kitokanacho na mazao ya kilimo. Vifo vya halaiki huletwa hasa na methanoli ya viwandani inayochanganywa na wauzaji. Nairobi, Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100. Mwaka 2010 waragi, pombe kali ya Uganda, yenye sumu hiyo iliua makumi ya watu huko Kabale.

Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24. Mnywaji akianza kuona ukungu au kutapika na kuhema kwa kasi, apelekwe hospitali mara moja, na chupa aliyonywea ichukuliwe pamoja naye.