Kuongeza Chumba Nyumbani: Ruhusa Kwanza, Mawe Baadaye

Mtu akiisha kununua mawe na mchanga, na fundi amekwisha kufika na timazi yake, ni vigumu kumwambia angoje karatasi. Hata hivyo ndivyo isemavyo sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, na wala haikukusudia nyumba mpya tu. Anayeongeza vyumba, au anayepandisha ghorofa juu ya nyumba ya zamani, naye hujenga, na yampasa kupata ruhusa ya Serikali ya Kaunti yake. Asiyeipata aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili.

Wengi husema, "Kiwanja ni changu, hati ninayo." Kweli, lakini hati haielezi habari za msingi. Tuseme karani mmoja ana nyumba ya vyumba vitatu, naye ataka kuweka ghorofa ili apate kodi ya uzeeni. Msingi wake ulichimbwa uchukue kuta na mabati, basi. Ikiwa udongo ni ule mweusi, kama wa Embakasi na Athi River, huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua, na nyufa huonekana hata kabla ya kuongeza mzigo. Jambo hili halijulikani kwa kutazama tu. Mhandisi hufukua kando ya msingi, akapima, kisha akapiga hesabu.

Msomaji atakumbuka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa iliponyesha Nairobi na nyumba ya ghorofa sita ikaanguka huko Huruma, karibu na mto. Watu wapatao 50 walikufa. Wengi wao walikuwa wapangaji, ambao hawakuulizwa lolote juu ya ramani.

Basi, njia ni hii. Tafuta mchora ramani aliyesajiliwa, na mhandisi ikiwa kuna ghorofa. (Fundi hodari ni baraka, lakini sahihi yake haikubaliwi ofisini.) Ramani hupelekwa kwa kaunti pamoja na nakala ya hati ya ardhi na stakabadhi ya kodi za kiwanja. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa deni la kodi hizo limelala miaka mingi, au hati ingali katika jina la marehemu baba. Yafaa mambo hayo yatengenezwe kwanza, kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Kaunti isipojibu kwa maandishi katika siku 60, sheria huhesabu kwamba ruhusa imetolewa. Kwa hiyo tunza sana stakabadhi yenye tarehe ya kupokelewa. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya upatanishi ya kaunti. Akija mtu faraghani kukuahidi kugongesha muhuri haraka kwa "chai", mwulize stakabadhi.

Kazi ikianza, mkaguzi aitwe aone msingi kabla haujafunikwa kwa zege. Ikimalizika, usihamishe kitanda bado. Omba cheti cha kukalia, ukiweke pamoja na ramani iliyopigwa muhuri, maana benki huviulizia siku ya mkopo, na mnunuzi siku ya kuuza.